Mkaratusi wa mtoni: soma jina lake kwanza, halafu uoteshe

Ukifika kitaluni kwangu, hapa Moshi, barabara ya kushuka Kahe, ukasema "nipe mikaratusi mia mbili," nitakuuliza kwanza shamba liko wapi. Ukinijibu Kibosho, Old Moshi au Marangu, huko juu kwenye vihamba vya migomba na kahawa, nitakupa kiti na tutazungumza habari za miti mingine. Ukinijibu Kahe, Chekereni, Mabogini, Boma Ng'ombe au ule ukanda wa upepo na vumbi karibu na uwanja wa ndege wa KIA, hapo ndipo nakupeleka kwenye tuta la mkaratusi wa mtoni.

Najua inachanganya. Mti unaitwa wa mtoni, halafu mimi nausukumia kwenye ukame. Mzee mmoja alinikatalia kabisa. Alikuwa na kipande kando ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na alitaka kukizungushia mikaratusi. "Kijana, si wewe mwenyewe umesema ni wa mtoni?" Nikamjibu, "Ndiyo, meku, lakini ni mto wa kwao." Alicheka, akaenda na miringaringa. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza siku ile, nimeongeza na kazi ya kitaluni.

Mikaratusi yenyewe ni ukoo mkubwa, aina zaidi ya 700, na karibu zote kwao ni Australia. Ile mirefu iliyonyooka unayoiona milimani mara nyingi ni saligna, grandis au globulus, na hiyo inataka baridi na mvua. Ukiiteremsha Kahe inadumaa. Ukiupandisha wa mtoni Marangu utaota, ila utakuwa na mti uliopinda mahali ambapo ungepata ulionyooka. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye pakiti ya mbegu.

Maneno ya kwenye pakiti

Pakiti iliyofungwa na watu wanaojua kazi yao imeandikwa *Eucalyptus camaldulensis* Dehnh. Chini yake kuna mahali mbegu zilikotoka, na mwaka au tarehe ya kukusanywa. Wateja wengi huruka mistari hiyo wakaangalia bei. Mimi huanza na hiyo mistari.

Neno la kwanza lilitungwa mwaka 1788 na Mfaransa Charles Louis L'Héritier, akiwa na tawi kavu lililochumwa Tasmania mwaka 1777, katika safari ya tatu ya nahodha James Cook. Alichukua Kigiriki: eu, vizuri, na kalyptos, kilichofunikwa. Ukitaka kujua alichokiona, chuma kitumba cha mkaratusi wowote kabla hakijachanua. Hakina petali. Kina mwili wa chini kama kikombe na juu yake kofia ndogo ngumu iliyobana. Ingiza ukucha pale kwenye mstari wa katikati, usukume: kofia inabanduka nzima, na ndani utakuta nyuzi nyeupe zimejikunja zikielekea katikati. Ukikiacha mtini, zile nyuzi zenyewe zitaisukuma kofia mpaka idondoke, na ua lote litakuwa ni hizo nyuzi. Nyuki wanajua siku hiyo kabla yako.

Neno la pili, camaldulensis, ndilo lenye safari ndefu, na halihusiani na mto wowote. Linatokana na Camaldoli, kilima cha pembeni mwa mji wa Napoli, Italia, kilichoitwa hivyo kwa sababu ya watawa Wakamaldoli waliojenga makao yao pale. Watawa hao nao walikuwa wamebeba jina kutoka Camaldoli nyingine, ile ya milima ya Toscana, ambako Mtakatifu Romualdo alianzisha shirika lao mwanzoni mwa karne ya 11. Jirani na makao ya Napoli kulikuwa na bustani binafsi ya bwana mmoja mkubwa, Francesco Ricciardi, ambaye cheo chake cha kikabaila kilikuwa Conte wa Camaldoli. Bustani ile ilikuwa na mtunzaji mkuu Mjerumani, Friedrich Dehnhardt. Mwaka 1832 Dehnhardt alichapisha orodha ya mimea yote aliyokuwa akiitunza, na humo akaueleza mkaratusi mmoja uliokuwa ukikua pale. Akaupa jina la bustani. Basi. Yale maandishi ya mwisho kwenye pakiti, Dehnh., ni yeye.

Mbegu ya mti ule wa Napoli inaaminika ilikusanywa mwaka 1817 na mkusanyaji wa mimea Allan Cunningham, karibu na Condobolin, kwenye mto Lachlan huko New South Wales. Mti ulikaa bustanini miaka kama mia hivi, ukaondolewa miaka ya 1920. Kwa hiyo mti ulioenea Australia nzima ukiacha Tasmania, kwenye kingo za mito ambayo wenyeji waliijua maelfu ya miaka, unaandikwa duniani kote kwa jina la bustani ya mtu mmoja Italia, kwa sababu tu mtunza bustani alikuwa wa kwanza kuchapisha maelezo. Sheria ya majina ya mimea haijali mti ni wa nani. Inajali nani alitangulia kuchapisha ipasavyo.

Na hata hivyo jina hilo lilisahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 1847 mtaalamu wa mimea Mjerumani, Schlechtendal, aliuita rostrata, maana yake wenye mdomo, kwa sababu ile kofia ya kitumba inachongoka nchani. Kwa maoni yangu hilo lingetufaa zaidi sisi wa kitaluni: linakwambia utazame nini. Lakini rostrata lilikuwa limeshatumiwa na mtu mwingine kwa mkaratusi mwingine, likatupwa. Ukikuta *Eucalyptus rostrata* kwenye kitabu cha misitu cha zamani, ni mti huuhuu.

Sasa mstari wa tatu, wa asili ya mbegu, ndio wenye pesa yako. Mti huu umegawanywa katika makundi madogo saba, na uko kuanzia kusini kwenye mvua za majira ya baridi mpaka kaskazini kwenye joto na mvua za majira ya joto. Mbegu ya Lake Albacutya, kusini kule jimbo la Victoria, imesifiwa sana nchi za Bahari ya Mediterania. Hapa kwetu usihangaike nayo. Mbegu ya Petford, kaskazini mwa Queensland, ndiyo iliyojijengea jina kwenye nchi za joto. Ukinunua kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, au kwa muuzaji yeyote, uliza mti mama ulisimama wapi. Mbegu iliyokusanywa kwenye shamba la tambarare lenye hali kama yako ni bora kuliko mbegu yenye jina kubwa isiyojua joto.

Kuna pia miche ya chotara inayouzwa kwa herufi GC na namba. G ni grandis, C ni camaldulensis. Ile C ni bustani ya Napoli tena. Ni miti mizuri, inakimbia, lakini inazalishwa kwa vipandikizi. Usikusanye mbegu chini yake ukaotesha. Watoto hawatafanana na mama wala wenyewe kwa wenyewe.

Kuutambua uliosimama

Kama unataka kukusanya mbegu mwenyewe, hakikisha umesimama chini ya mti wenyewe. Gome halitoshi. Ni laini, lina mabaka meupe, ya kijivu, ya njano na mekundu, linabanduka kwa vipande, na sehemu ya chini ya shina hubaki na gome gumu la zamani. Mikaratusi mingine kadhaa ina sura hiyo. Majani ya mti mzima ni membamba, marefu, yana rangi ya kijani iliyofifia, yananing'inia. Hilo nalo halitoshi. Ukiponda jani likanukia ndimu, ondoka, huo ni mwingine kabisa.

Tazama vitumba: vinakaa kwa vikundi, mara nyingi saba kwenye kikonyo kimoja. Tazama vidonge vya mbegu: vidogo, havifiki sentimita moja, na juu vina vipande vinne vya pembe tatu, wakati mwingine vitatu au vitano, vilivyochomoza nje wazi.

Anayewapotosha watu ni mkaratusi mwingine, tereticornis. Anafanana mno, na kofia yake ni ndefu kama pembe. Wengi hukwambia tofauti ni hiyo: kofia fupi yenye mdomo ni camaldulensis, kofia ndefu ni tereticornis. Ingekuwa kweli kama isingekuwa ile mbegu ya Petford niliyokutajia, ambayo nayo ina kofia ndefu. Mimi huamua kwa mbegu. Kung'uta kidonge kilichokomaa kwenye karatasi nyeupe, sogea kwenye mwanga. Mbegu ya camaldulensis ni ya njano iliyokolea hadi kahawia. Ya tereticornis ni nyeusi. Utaona pia makapi mengi mekundu-kahawia, membamba zaidi. Hayo si mbegu, yaache humohumo, kuyatenganisha ni kupoteza siku.

Kukusanya: chagua miti iliyonyooka, yenye afya, kadhaa, iliyoachana. Chuma vidonge vilivyogeuka kahawia lakini bado vimefunga. Vianike juani kwenye shuka, mahali pasipo na upepo. Vitafunguka vyenyewe na mbegu itamwagika. Ni laini kama ugoro, kwa hiyo usipige chafya. Gramu moja ina mbegu mamia, ndiyo maana mtu anayekuuzia kilo nzima kwa shamba la ekari mbili hakutakii mema.

Kitaluni

Hapa kwetu nataka mche uingie shambani masika yakiwa yameshika, mwisho wa Machi au Aprili. Ukirudi nyuma miezi mitatu hadi minne unapata kwamba kusia ni mwisho wa Novemba na Desemba. Mvua za vuli siziamini kwa mti huu: mche haujashika, Januari inafika na jua lake.

Trei au tuta la kusia liwe na mchanga wa mtoni uliochekechwa vizuri, uchanganye na udongo mwepesi kidogo. Samadi usitie hapa. Mwagia maji yanayochemka siku moja kabla, uache yapoe, yatakuwa yameua vimelea vingi. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kiganja cha mchanga kwa kijiko cha mbegu, uinyunyize ili isirundikane sehemu moja. Funika kwa mchanga mwembamba, unene wake uzidi mbegu kwa kidogo tu. Ukifukia kama maharage, hutaona kitu.

Kumwagilia ndiko watu wanakoharibu. Keni ya kawaida inachimba mashimo na kusogeza mbegu zote pembeni. Tumia bomba la kunyunyizia dawa, tena jipya au lililotengwa kwa maji peke yake. Bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu lisisogee kitaluni. Kama una trei zenye matundu, njia nzuri zaidi ni kuziweka juu ya beseni lenye maji kidogo zinywe kwa chini.

Kwenye joto la Moshi mbegu huchomoza ndani ya wiki moja hadi mbili. Kuanzia hapo adui ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kishina. Utaona mche uliokuwa mzima jana, leo umenyong'onyea pale unapogusana na udongo, kishina kimekuwa uzi, umelala. Kesho itakuwa kumi na duara litaendelea kupanuka. Ukiona duara la kwanza, toa miche hiyo pamoja na udongo wake, punguza maji, ondoa sehemu ya kivuli hewa ipite. Maji ya asubuhi tu, jioni hapana.

Miche ikipata jozi ya pili ya majani, hamishia kwenye viriba. Udongo wa viriba: ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Shika mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Toboa shimo kwa kijiti, shimo liwe refu kuliko mzizi, tumbukiza, vuta juu kidogo ili mzizi unyooke, kisha bana udongo pembeni. Mzizi ukikunjika chini leo, mti utaota na utakua, na baada ya miaka kadhaa upepo wa KIA utaulaza ukashangaa.

Kivuli wiki za mwanzo, halafu punguza polepole. Mizizi ikianza kutoboa kiriba kuingia ardhini, nyanyua viriba na kuikata, kila baada ya wiki mbili tatu. Mwezi wa mwisho miche iwe juani kabisa na maji ya kubania. Mche wa kwenda shambani una sentimita 25 hadi 30 na shina lililoanza kuwa gumu na jekundu. Mrefu uliolegea wa kijani usiuchukue hata ukipewa bure.

Kagua majani kabla ya kulipa. Kuna nyigu mdogo sana, *Leptocybe invasa*, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 2004, ambaye ameenea Afrika Mashariki na anaupenda mkaratusi huu hasa. Hutamwona yeye. Utaona vifundo kwenye mshipa mkuu wa jani na kwenye kikonyo, kwanza vya kijani, baadaye vinaelekea wekundu, na ncha ya mche imejipinda. Miche hiyo ing'olewe ichomwe. Dawa ya kupuliza haimfikii aliye ndani ya kifundo.

Mahali pa kuupanda, na mahali pa kuuacha

Kwao mti huu unasimama kwenye mito mikubwa iliyo tambarare, Murray na Darling, katika nchi ambayo mara nyingi hupata mvua ya milimita 250 hadi 600 tu kwa mwaka. Mto unafurika, maji yanatanda msituni kwa wiki au miezi, yakishuka miche inachipua kwenye tope. Msitu wa Barmah-Millewa, kando ya Murray, ndio mkubwa kuliko yote ya aina hii. Watu wa Yorta Yorta, wenyeji wa pale, walikuwa wanabandua gome zima la shina wakatengeneza mtumbwi, na miti yenye makovu hayo ipo mpaka leo. Mti mmoja huishi mamia ya miaka. Yaani ni mti uliozoea kunywa sana maji yakija, kisha kuteremsha mizizi kuyafuata chini yakiondoka.

Sasa uchukue mti wenye tabia hiyo uuweke kwenye chemchemi ya Njoro, au kwenye kingo za Rau au Karanga, au juu ya mfongo unaolisha vihamba ishirini. Utafanya kilekile unachofanya kwao, na wenzako wa chini watakutafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshakata shauri: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto huruhusiwi shughuli ya kudumu au inayoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Kingo ziachie mkuyu, mringaringa na msesewe. Msesewe una faida ya ziada ambayo mpika mbege yeyote atakueleza.

Unapofaa ni kwenye mpaka wa shamba kavu, kipande chenye udongo wa magadi kidogo ambao mahindi yameukataa, mahali maji yanatuama masika na udongo unapasuka kiangazi. Usiuweke ndani ya mita kumi za mahindi au maharage ya jirani. Gomvi la mpaka ni ghali kuliko kuni. Usiuweke pia karibu na nyumba au banda. Mti mkubwa wa aina hii hudondosha tawi zima ghafla, hata siku isiyo na upepo, na Australia wanaonywa wasipige hema chini yake. Ng'ombe naye usimfunge pale.

Chimba mashimo ya sentimita 45 kabla ya mvua, nafasi ya mita mbili na nusu kama unataka kuni na fito, tatu kama unataka nguzo nene. Toa kiriba. Narudia kwa sababu nimeona kwa macho yangu: toa kiriba chote, usikichane tu. Halafu palilia. Mkaratusi mchanga unashindwa na majani kuliko unavyoshindwa na jua. Duara la mita moja liwe safi miaka miwili ya mwanzo, na nyasi ulizopalilia usizirundike kwenye shina, zitaita mchwa.

Mbao zake ni nyekundu, nzito, ngumu. Australia wamezitumia hata kwa mataruma ya reli. Kuni na mkaa wake ni moto mkali, na mizinga ikiwekwa jirani haikosi asali.

Ukifika wakati wa kukata, miaka saba au kumi kwa kuni, kata karibu na kuanza kwa mvua, kwa msumeno, sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini, na kisiki kiwe na mteremko maji yasitue. Panga linachana gome, na machipukizi hutoka palepale kwenye gome. Yatatoka mengi. Yakifika urefu wa mtu, bakiza matatu yaliyokaa pande tofauti, na mwaka unaofuata punguza yabaki mawili au moja. Yale unayoondoa yana unene wa kidole gumba na yamenyooka. Wakulima wa nyanya wa Mabogini wanayanunua kwa mzigo, kwa hiyo usiyachome.